Jiwe Alilochongewa Mama Birika

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa nyumba ya Mama Birika, muuza kahawa, pale njia mbili zinapokutana na kila moja inadhani yenyewe ndiyo barabara kuu. Mwisho wa kulia nakaa mimi na kisanduku changu. Mimi ni fundi viatu, watu wananiita Gundi, na msiniulize kwa nini. Mtu akikaa mahali pamoja miaka kumi na moja lazima apewe jina. Anayenifuata ni Wakili, ambaye mahakamani ameingia mara moja tu, tena kama shahidi wa kesi ya mbuzi. Mwisho wa kushoto yuko Timazi, mwashi aliyestaafu, mwenye jina la kile kipimo cha kunyooshea kuta. Mgongo wake umepinda, lakini akiona ukuta uliopinda ndiyo anaugua. Kati ya Wakili na Timazi kuna nafasi ya mtu mmoja ambayo haikaliwi ovyo. Hiyo ni ya Mama mwenyewe. Nyuma ya nafasi hiyo, usawa wa bega, lipo jiwe lenye miduara mitano, mmoja ndani ya mwingine, na katikati kidoa cha chokaa. Kahawa ikikaribia kuisha, Mama anajimiminia kikombe cha mwisho, anakaa pale, anaegemea jiwe lake, na sisi tunapunguza sauti, maana hata wapiga soga wana adabu zao.

Habari ya jiwe hilo hakuna asiyeijua. Mteja mpya anapewa kikombe na hadithi kwa pamoja, apende asipende. Marehemu mumewe alikuwa mwashi, mtu wa kunyamaza mpaka tukamwita Fundi Kimya. Salamu yake ilikuwa kuinua mwiko. Nyumba hii aliijenga peke yake, siku za mapumziko tu, miaka miwili mizima. Siku ya kuhamia alimshika mkewe mkono, akauweka juu ya jiwe, akamwambia, "Hili nimekuchongea wewe." Basi. Neno la namna hiyo hakulirudia tena mpaka anaingia kaburini, huu mwaka wa nane sasa. Wake zetu sisi wenye maneno mengi wamesikia habari hiyo, na imetuletea balaa majumbani. Wangu akinuna huniuliza, "Mwenzio alichonga jiwe, wewe umenifanyia nini?" Najifanya natafuta sindano.

Sasa kosa lililotokea ni langu, nalisema mapema mwenyewe ili mtu asije akanisemea. Jumatano iliyopita alinijia binti mmoja, mkanda wa sandali umekatika. Mama alikuwa amekwenda kununua mkaa. Binti akasimama kwa mguu mmoja kunisubiri, mkono kaushika ukuta, na mimi naongea kama kawaida yangu, mara nikaona hanijibu. Amekodolea macho lile jiwe. Akaniuliza nani alijenga hapa. Mdomo wangu hauna kitasa; nikampa hadithi yote, kifua mbele, kama vile nilichonga mimi. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia polepole, kama daktari anayempa mtu majibu, "Baba, hili jiwe lilichongwa watu hawajajua chuma. Miaka elfu tatu, pengine na zaidi." Akasema anafanya kazi ofisi ya mambo ya kale, na kwamba Jumatano nyingine angerudi aonane na mwenye nyumba. Akavaa sandali yake, akaenda zake, akaniacha na sindano mkononi.

Siku sita nilikaa na maneno hayo tumboni kama mtu aliyemeza kokwa. Leo asubuhi, Jumatano yenyewe, nikashindwa. Mama alikuwa ndani anatwanga kahawa, tunamsikia kinu, nikawaambia wenzangu.

— Yaani jiwe la Mama umemwonyesha mtu wa ofisi, akasema Timazi.

— Sikumwonyesha. Liko ukutani.

— Ungelikinga.

— Nilikuwa nashona.

Wakili akainua kidole. Huyu bwana ana kidole cha kusemea. Kisipopanda, mdomo haufunguki.

— Tulieni. Jiwe lina cheti cha kuzaliwa? Halina. Basi umri wake ni maneno ya mtu tu. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Jiwe linaelea wapi? akauliza Timazi.

— Ni methali, bwana.

— Ni methali ya vyombo vya majini.

— Methali ikishatoka mdomoni ni mali ya umma.

Kinu kikanyamaza. Mama akatokea mlangoni na birika, na Wakili, bila hata kumeza mate, akasema ndiyo maana yeye anashikilia kwamba nyanya za mwaka huu zina maganda magumu. Mama akatutazama mmoja mmoja. Akauliza tangu lini benchi hili linajadili nyanya. Timazi akasema tangu leo. Akatumiminia, na alipogeuka kurudi ndani akaligusa lile jiwe kwa nyuma ya vidole, kama unavyomgusa shavu mtoto aliyelala. Hajui hata kama anafanya hivyo.

Kinu kilipoanza tena, Timazi akashusha pumzi, akasema kuna jambo ambalo na yeye amelikalia. Enzi anaanza kazi, kila mwashi mwenye akili alikuwa anachukua mawe mlimani. Kule juu kulikuwa na kuta zilizoanguka, za nani hakuna ajuaye, mawe yamekwisha kuchongwa pembe nne, unajibebea tu. Ngazi ya zahanati ni ya mlimani. Jiwe la kufulia pale shuleni ni la mlimani. Na wazee waliowafundisha kazi walisema hata hao wa mlimani nao waliyatoa kwa watu waliowatangulia. Jiwe zuri halina mwenyewe, akasema, lina zamu. Yale yenye michoro waliyageuzia uso ndani, kwa sababu mchoro unashika udongo wa kujengea vizuri kuliko uso laini. Ndani ya ukuta huu tunaouegemea hakuna ajuaye yamo mangapi.

— Lakini hili limegeuzwa nje, nikasema.

— Hilo ndilo ambalo sijawahi kulielewa.

Akaendelea. Kazi ya Fundi Kimya, akasema, ungeijua popote. Tindo lake la kukatia mawe lilikuwa na pengo kwenye makali, na hakukubali kulipeleka kwa mhunzi. Kila alipokata, jiwe lilibaki na kimstari kilichoinuka, chembamba kama uzi. Walikuwa wanamcheka kwamba anatia saini.

— Na hapa umekitafuta hicho kimstari? Wakili akauliza.

— Miaka minane nakaa hapa, pembeni yake. Nimekitafuta. Kwenye miduara hakuna.

Kumbe alikuwa anajua. Miaka minane anasikiliza hadithi ya Mama, anatingisha kichwa, anakunywa kahawa, na anajua. Wakili akasema siri ya mtungi aijuaye kata, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu methali yake ikaangukia mahali pake. Hata yeye alishtuka.

Hapo ndipo tulipoanza kutafuta njia ya kumwokoa marehemu. Maana jambo lenyewe si jiwe, jamani. Jambo ni kwamba yule mama ana neno moja tu la mume wake, analiegemea kila siku ya Mungu, na kuna mtu yuko njiani anakuja kumwambia si la kweli. Mimi nilianza kwa kusema labda aliona jiwe la namna hiyo mlimani akaliiga. Timazi akakataa, binti si amesema lilichongwa bila chuma? Wakili akasema basi marehemu alichoshwa na tindo lake bovu, akatumia jiwe kuchongea jiwe. Timazi akasema mwashi gani apige jiwe kwa jiwe zama hizi, angelazwa hospitali.

— Basi kuna upande mwingine, akasema Wakili, kidole juu. Umri wa Fundi Kimya nani aliujua?

— Unataka kusema nini?

— Nauliza tu. Mtu asiyesema, utajuaje ameanza lini kunyamaza?

— Miaka elfu tatu?

— Mvi hakuwa nazo. Mvi zinaletwa na maneno.

Nami, nikiwa na hatia na nikitaka tu mazungumzo yaende mbali na mimi, nikaongeza langu. Nikasema huenda watu wa kale nao walikuwa na benchi lao pahala fulani, na kahawa yao, na hiyo miduara ni alama za vikombe vilivyolowa, wameviweka juu ya jiwe miaka mpaka limelika. Timazi akaniuliza ni kikombe gani hicho kikubwa kama sufuria. Nikamwambia watu wa zamani walikuwa na nafasi. Wakili akaona anapitwa, akasimama kabisa. Akasema ukweli ni huu: yule mchongaji wa kale alimwota Mama Birika. Alimwota vilevile alivyo, na kitambaa chake cha kichwani, akamchongea jiwe, lakini amezaliwa mapema mno, hawezi kumfikishia. Likapita mkono kwa mkono, ukuta kwa ukuta, mpaka likafika kwa Fundi Kimya, naye akalikabidhi kwa mwenyewe kwa niaba. Kisheria inaruhusiwa kusema "nimekuchongea" kwa niaba.

Upuuzi wenyewe ulikuwa mzuri. Lakini nani wa kwenda kumwambia Mama hivyo. Wakili akasema umelikoroga mwenyewe, ulinywe, akimaanisha mimi, na hakuna aliyempinga. Nikatafuta mlango mwingine wa kutokea. Nikamwomba Timazi akimbie nyumbani alete mwiko, apige lipu nyembamba juu ya jiwe, binti akija akute ukuta. Timazi alinitazama mpaka nikaomba radhi.

— Nimepiga lipu nyingi za kuficha ubovu, akasema. Hili silipigi.

Na binti ndiye huyo anakata kona, sandali niliyoishona mimi ipo mguuni, begani mkoba. Amewahi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, akanong'ona Wakili, na kama si kisanduku changu kuwa mapajani ningemkanyaga. Wakati huohuo Mama akatoka na birika.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Karibu, kuna nafasi. Utakunywa?

Binti akajitambulisha kwa heshima zote, ametoka ofisi ya mambo ya kale, amekuja kwa ajili ya jiwe. Sasa Mama, kwa furaha, hakusubiri. Mtu kutoka ofisini amekuja kuangalia jiwe lake. Akamshika binti mkono, akauweka juu ya miduara, na akaanza hadithi toka mwanzo: siku za mapumziko, miaka miwili, siku ya kuhamia, hili nimekuchongea wewe. Niliyatazama mashapo ya kikombe changu mpaka nikayajua. Binti alinitupia jicho mara moja, nikaelewa ameelewa. Hakumkatiza. Mama alipomaliza, binti akamshukuru, akaomba ruhusa alisafishe jiwe kidogo, akatoa brashi, kioo cha kukuzia na tochi.

Alifanya kazi yake kwa upole, nampa haki yake. Alipofika chini, kwenye ubavu wa jiwe, akasimama kwenye mifereji mitatu myembamba.

— Hii ni ya kisu cha chuma, akasema. Ya juzijuzi. Hata vumbi lake halijapauka.

Jamani, pale ndipo ninaponolea. Miaka kumi na moja. Kisu changu kilikuwa juu ya kisanduku, nikakifunika kwa kiatu cha mteja. Timazi akakohoa.

— Usiendelee, baba, akasema binti bila kugeuka.

— Sitarudia, nikasema.

Mama alicheka sana. Lakini Mama si mtu wa kufichwa kitu. Amemimina kahawa ya kutosha kujua benchi likiwa na jambo. Kicheko kilipoisha aliweka birika chini, akafuta mikono kwenye kanga yake, akauliza.

— Mwanangu, unajua kutofautisha ya zamani na ya sasa kwa kuangalia tu?

— Najua, mama. Ndiyo kazi yangu.

— Basi niambie. Hili lina umri gani?

Binti akatuangalia. Kisha akaweka brashi chini. Akamwambia yote, kwa sauti ya chini, hakuzungusha. Zaidi ya miaka elfu tatu. Miduara ilidonolewa kwa jiwe jingine, tone kwa tone, siku nyingi sana. Ukiitazama kwa karibu unaona mapigo yake yamekuwa laini kwa mvua na jua.

— Kwa hiyo hakulichonga yeye.

— Miduara si yeye, mama.

Mama akakaa kwenye nafasi yake. Akakaa bila kuegemea. Sijawahi kumwona akikaa pale bila kuegemea.

— Miaka thelathini na moja naliegemea, akasema. Mtu ameniambia neno moja zuri maisha yake yote, na hilo moja nalo kumbe alilitunga. Ningejua ningemwomba hata mawili.

Nikamwambia, Mama, ni mimi niliyemwonyesha, nisamehe. Akasema ukuta uko nje, Gundi, hata punda anauona. Sauti yake haikuwa na ukali wowote, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Timazi alikuwa ameinamisha kichwa. Kidole cha Wakili kilipanda, kikakaa hewani, kikashuka. Mtu ambaye hajawahi kukosa methali hata msibani, leo amekosa. Nilimwonea huruma na yeye.

Binti naye alikuwa ameumia, alionekana. Hakujua aondoke au akae, kwa hiyo akafanya anavyofanya kila mtu mwenye kazi ya mikono akizidiwa: akarudi kwenye kazi, na Mama akajisogeza kumpisha. Palikuwa pamebaki kile kidoa cha chokaa katikati ya miduara. Sisi tulidhani ni kidoa tu. Kila mwaka Mama hupaka chokaa ukuta mzima, jiwe analiruka kwa uangalifu, lakini brashi ni brashi, hudondosha. Binti akachukua kijiti, akawa anaitoa chokaa ile kidogo kidogo, inabanduka kwa tabaka, mwaka juu ya mwaka. Chini yake pakatokea kishimo cha kuingia ncha ya kidole. Akawasha tochi, akakimulika kutoka ubavuni. Akaguna, na mguno ule haukuwa wa furaha.

— Hapa pameharibiwa, akasema.

Akaeleza, zaidi kwa ajili ya daftari lake kuliko kwa ajili yetu, kwamba kishimo hiki si cha enzi zile. Kimekatwa kwa chuma, kingo zake bado kali, miaka thelathini hivi, haifiki arobaini. Aliyekata alijua kazi, maana alizungusha chombo taratibu, jiwe halina ufa hata mmoja. Lakini ameharibu. Akatoa fomu, akaiweka juu ya goti.

— Kuna mstari wa uharibifu, lazima niujaze. Nani alitoboa hapa?

Swali dogo kama hilo. Wazee watatu kwenye benchi, tuliokuwa na majibu ya miaka elfu tatu asubuhi nzima, tukamtazama kama watu walioulizwa kwa lugha ya ndege.

Timazi ndiye aliyesimama. Kusimama kwake si jambo dogo. Huwa anaanza na magoti, halafu mgongo, halafu anafikiri. Akapiga magoti juu ya ubao, mbele ya jiwe, akaomba tochi. Akamulika ndani ya kile kishimo, akakaa hivyo muda, mpaka nikahofu kwamba mgongo umekwama.

— Kimstari, akasema.

Akamgeukia Mama.

— Shemeji, njoo. Lete kidole.

Mama akainuka. Timazi akamshikia tochi, na Mama akaingiza kidole chake cha shahada ndani ya kishimo. Kiliingia mpaka kwenye ukucha, kikaenea. Akakizungusha taratibu.

— Kuna uzi, akasema. Kule chini kuna kitu kama uzi.

— Ni pengo la tindo lake. Huo mkono ni wake, shemeji. Naapa kwa kazi yangu. Alilitoa mlimani, akaligeuza uso nje, akaongeza chake katikati.

Mimi nililia, sioni haya kusema. Wakili alijifanya amepaliwa, na kikombe chake kilikuwa kitupu tangu zamani. Mama hakulia. Alikaa na kidole chake mle ndani, akawa anacheka kidogokidogo, kicheko cha msichana, ambacho hatukuwahi kukisikia kwake.

— Kumbe alichonga, akasema. Na mimi mwenyewe nikamzibia, kila mwaka, kwa chokaa yangu.

Halafu akamgeukia binti, akamwambia aandike. Aliyeharibu ni mume wangu. Binti akashika kalamu, akaitazama fomu, akauliza kwa aibu kama aliandike neno hilohilo, uharibifu. Mama akasema waandike wanavyoita wao huko ofisini, yeye hana ugomvi. Nilichungulia, kama kawaida yangu. Binti aliukata ule mstari, akaandika pembeni kwa herufi ndogo kwamba kishimo cha katikati kiliongezwa na mjenzi wa nyumba, kwa ajili ya mkewe.

Nilimuuliza lililokuwa linanikaa rohoni: watalitoa ukutani? Akasema hapana. Litapigwa picha, litaandikwa namba, na litabaki lilipo, maana kuwa kwenye ukuta huu nako ni sehemu ya safari yake. Ila watu wasinolee visu. Nikasema limesikika.

Mama alikuwa bado anaipapasa ile miduara, sasa kwa macho mengine, kama anamwangalia mgeni ambaye amekaa naye nyumba moja miaka mingi bila kumuuliza habari za kwao.

— Na huyu wa kwanza, akamuuliza binti. Mwenye miduara. Yeye alimchongea nani?

Binti akaangalia daftari lake. Akasema hilo, mama, hatujui.

— Hamjauliza?

— Hakuna wa kumuuliza.

Mama akanyanyua birika, akalitikisa, kilikuwa kimebaki kikombe kimoja, kile chake. Akakimimina, akampa binti. Kisha akajisogeza upande wa Timazi, akapigapiga ubao kwa kiganja, na binti akakaa pale ambapo hakai mtu. Wakaegemea jiwe wote wawili, nusu kwa nusu.

— Mtu alikuwepo, akasema Mama. Hupigi jiwe kwa jiwe siku zote hizo kama hakuna mtu.

Kahawa imekwisha, benchi likatawanyika. Sasa kuna jambo ambalo sikuwaambia, nalo linanihusu mimi. Mke wangu ana sandali za ngozi, mkanda wa kushoto ulikatika miezi mitano iliyopita, akaufunga kwa waya. Mke wa fundi viatu anatembea na waya mguuni, na kila siku mimi nakaa kona nashona za watu. Nilifunga kisanduku mapema, nikafika nyumbani jua bado liko juu, nikazichukua mlangoni, nikakaa kizingitini nikazishona zote mbili, ile nzima na ile mbovu, nyuzi mbili mbili. Alitoka na beseni la nguo, akanikuta nakata uzi kwa meno. Akauliza kulikoni leo.

— Hizi nimekushonea wewe, nikasema.

Akaweka beseni chini, akanitazama, akaja akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akauliza kama nina homa.